Shangazi Anajibu: "Mama mkwe ananihesabia hadi pedi"

"Shangazi, nina miaka 24, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi. Mume wangu anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Mama yake alihamia kwetu baada ya Pasaka, na kila siku anauliza mtoto yuko wapi. Kwa mawazo hayo naamka alfajiri nakimbia saa nzima, jioni saa nzima tena. Mvua ikinyesha nazunguka uani. Ni raha yangu pekee. Mama ananilazimisha kula bukari (ugali) usiku, anahesabu hata pedi zangu, eti pakiti haijafunguliwa tangu Juni. Nimwambieje mume wangu amrudishe Likasi?"

Pole, mwanangu. Kuulizwa mtoto kila kukicha kunachosha. Pole imetosha, sasa tuisome barua yako.

Nimeifupisha, maana ukurasa mzima ulikuwa wa viatu vya spoti, njia unazopita na maumivu ya muundi. Mume amepata mstari mmoja. Halafu hizo pedi: umekasirika kwamba mama amezihesabu, na kweli amekosa adabu, lakini hukuandika popote kwamba amesema uongo. Basi pakiti haijafunguliwa. Mama ameona kitu ambacho wewe hutaki kukiona.

Unasema kukimbia ni raha yako pekee. Mtu wa raha hulala siku ya mvua. Wewe unakimbia nyumba yako.

Mawazo yakizidi, wasichana wengi huacha mazoezi kabisa: usingizi haupo, mwili mzito, viatu vinaota vumbi chini ya kitanda. Wengine huzidisha, kama wewe, kwa sababu kukimbia kunatuliza kichwa kweli. Ila mwili unaochoka sana na kula kidogo huanza kubana matumizi, na hedhi ni miongoni mwa vitu unavyokata. Ubongo unapunguza amri zake kwa mifuko ya mayai, yai halikomai. Mawazo peke yake nayo yanaweza kuleta hayo. Estrojeni, homoni inayotoka kwenye mifuko hiyo, ikikaa chini muda mrefu, mifupa inadhoofika, kwa hiyo muundi huo usisingizie viatu. Yaani unakimbia swali la mtoto, na mbio zenyewe huenda ndizo zinazomchelewesha mtoto!

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito kwa wiki zinamtosha mtu mzima. Piga hesabu yako: 840. Kuzidisha si dhambi kwa anayekula. Wewe bukari unaiita adhabu.

Na ndoa zenu hizi za siku hizi! Mume yuko kilomita kama 300, mnaishi kwenye simu. "Umekula?" "Nimekula." Uongo wa kwanza wa jioni. Mwanaume na bia yake kule, mwanamke na viatu vyake huku, kila mtu na dawa yake ya kimya, halafu mgeni wa kulaumiwa ni mama mzazi anayepika. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na kwako sina haja ya kufafanua. Mumeo anajua miezi yote hiyo hujaona siku zako? Nadhani hajui. Mwambie akirudi, uso kwa uso, kabla hujafungua kesi ya mama yake.

Kesho pima mimba kwanza, maana huenda tunabishana bure. Kama haipo, nenda kwa daktari wa wanawake, umtajie mbio na chakula bila kupunguza chochote. Hadi hapo, mbio za jioni acha. Asubuhi tembea, muundi upone, na kabla ya kutoka weka kitu tumboni.

Kumrudisha mama Likasi? Hapana. Mwombe akusindikize hospitali, daktari akiuliza tarehe awepo wa kujibu.