Namba za mkato ofisini: ziweke kwenye mtambo, achana na simu za mezani

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa: ofisi iko Kampala, meza 14, dada wa mapokezi kaenda likizo ya uzazi na namba zote kaondoka nazo kichwani, na sasa bosi anataka kila mtu aipate Mombasa kwa kubonyeza tarakimu mbili tatu. Mimi nilitunza simu za kampuni ya mawakala wa forodha kule Industrial Area, na maisha yetu yalikuwa hayo hayo: Mombasa, Malaba, Mutukula, Dar, kisha Mombasa tena kabla chai haijapoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka namba kwenye simu moja moja. Tulikuwa na simu za mezani za Yealink, na kitufe kimoja hakisumbui. Unabonyeza OK kwenye simu uone anwani ya IP, unaiandika kwenye kompyuta, unaingia sehemu ya Dsskey, yaani vitufe vya mkato, kwenye Type unachagua Speed Dial, Value ni namba, Label ni jina litakalosomeka kwenye kioo. Dakika mbili. Lakini vitufe sita mara meza 12 ni asubuhi nzima ya Jumamosi imekwenda, na wiki tatu baadaye mtu wetu wa Malaba akabadilisha laini. Nikazunguka meza zote upya kama muuza karanga. Meza moja niliisahau, na mzee wa hesabu akaendelea kumpigia mtu asiyemjua mpaka tukahama jengo.

Kwa hiyo namba ikae sehemu moja, kwenye mtambo wenyewe unaounganisha simu zote za ofisi (PBX). Sisi mtambo ulikuwa Asterisk, programu ya kompyuta, tunauendesha kwa kurasa za FreePBX. Humo unatengeneza Misc Destination, yaani namba kamili ya kupigwa, halafu Misc Application inayoipa msimbo mfupi, mathalani *22. Malaba akibadilisha laini, unarekebisha mstari mmoja na meza zote zimepona. Wale wanaopenda kitufe chenye jina, kitufe chao kipige *22 badala ya namba yenyewe.

Kwa nini nyota mbele? Kwa sababu kwetu laini ya nje ilitoka kwa 9. Nilianza na misimbo mitupu ya tarakimu mbili, 91, 92 na kuendelea, mtambo ukawa haujui kama mtu anataka wakala wa Mombasa au ameanza kupiga nje. Kibaya zaidi, polisi hapa ni 999 au 112. Usiweke kitu chochote kitakachokaa njiani pa namba hizo. Jaribu mwenyewe kwa karatasi: andika namba za ndani, msimbo wa laini ya nje, namba za dharura, halafu uone nafasi ipi imebaki. Nyota karibu siku zote iko wazi, ila angalia isigongane na misimbo ya mtambo wenyewe. FreePBX ina *0 na *75 zake kwa kazi hii hii ya namba za mkato.

Sasa jambo lililonila wiki mbili: umbo la namba. Watu wanakunakilia kutoka simu zao za mkononi, kila kitu kinaanza na alama ya kujumlisha. Simu ya mezani haina alama hiyo. Kutoka laini ya kawaida Uganda, kupiga nje ya nchi ni 000, kisha msimbo wa nchi: 254 Kenya au 255 Tanzania. Wakongwe wa ofisi wao wanakumbuka njia ya jirani, 005 kwa Kenya na 007 kwa Tanzania, bila msimbo wa nchi. Ofisi ya Mombasa ikawa 00541 na namba inaendelea. Orodha yetu ya zamani ilikuwa imejaa hizo. Tulipohamia laini za intaneti, mtoa huduma mpya hakuzitambua kabisa, alitaka 254 kamili. Asubuhi ya Jumatatu, malori mpakani, namba za mkato zote zinaita toni ya kosa. Toka siku hiyo nahifadhi namba kwa umbo moja tu, 000 na msimbo wa nchi, na kazi ya kukata 000 naiachia kanuni ya laini ya kutokea kwenye mtambo. Ukibadilisha mtoa huduma, unagusa kanuni, huigusi orodha.

Lingine ambalo hukuuliza, lakini bosi wako ataliuliza bili ikifika. Namba ya mkato inaweza kumpitisha mtu aliyefungiwa. Simu ya askari wa getini tuliifungia kupiga nje ya nchi. Lakini msimbo mfupi haukuwa na kizuizi, na askari mmoja aligundua kwamba *24 ni Mombasa, ambako ana shemeji anayefanya kazi ofisi ile ile. Ssebo, walikuwa wanaongea usiku wote! Sikumlaumu sana, mlango niliuacha wazi mimi. Hata mitambo mingi ya Panasonic ina mpangilio unaoruhusu orodha ya mtambo kuruka vizuizi; utafute na uuzime kama huuhitaji.

Kama mtambo wako ni huo wa Panasonic wa zamani, jua una orodha mbili: ya mtambo mzima na ya kila meza. Tumia ya kwanza. Namba uihifadhi ikianza na msimbo wa laini ya nje, na kama laini inachelewa kutoa toni, ingiza kituo kifupi (Pause) baada ya msimbo huo, la sivyo tarakimu za mwanzo zinamezwa na unaishia kusikia mtu wa mtaa mwingine.

Kuhusu vile vitaa vinavyoonyesha mwenzako yuko kwenye simu, hiyo ni BLF, ni kwa namba za ndani tu. Nzuri kwa mapokezi, kwa wengine ni pambo.

Taja modeli ya mtambo hapa, iko kwenye kibandiko chini au ubavuni, nikuelekeze pa kubonyeza. Na mpigie dada kabla hajajifungua, akusomee namba zile polepole.