Swali la lugha: Tunachapa au tunachapisha lebo za diski?

Msomaji wetu mmoja anaandaa maelezo ya Kiswahili ya programu ya miaka ya 1980, ambayo wenye kompyuta ya Commodore 64 waliitumia nyumbani kutengenezea lebo za diski zao. Ameandika hivi: “Chapisha lebo laini za diski na uzibandikie juu ya diski.” Anauliza kama *kuchapisha* ni sahihi hapo, au angesema *kuchapa* ama *kupiga chapa*.

Vitenzi vyote vitatu ni vya Kiswahili fasaha, na wanaotumia *kuchapisha* kwa maana ya kutoa maandishi kwenye mashine ni wengi mno kuweza kuambiwa wanakosea. Magazeti ya Kenya na ya Tanzania huzungumzia uchapishaji wa karatasi za kura, na hakuna anayedhani kwamba kura zinatolewa kama vitabu. Hata hivyo, katika sentensi hii mimi ningechagua *kuchapa*. Kiambishi *-ish-* hubeba maana ya kusababisha tendo litendeke, na maana hiyo ingali hai katika mazungumzo: aliyepeleka kadi za harusi kwa mwenye mashine husema amechapisha kadi, ilhali mwenye mashine ndiye aliyezichapa. Vitabu vingi navyo hutenganisha kazi hizi mbili katika kurasa za mwanzo, ambapo kitabu huelezwa kuwa kimechapishwa na shirika fulani, kisha kikapigwa chapa na kiwanda fulani. Sasa, jambo lililokuwa geni katika kompyuta za nyumbani ni kwamba mtu aliweza kuketi mezani kwake, akaandika jina la diski na orodha ya mafaili yaliyomo, akaweka kwenye printa karatasi ndefu yenye lebo za kubandika, na kazi ikaisha hapo hapo bila kumtuma mtu wala kumlipa fundi. Mtu huyo amechapa lebo zake mwenyewe, na kitenzi kifupi kinalionyesha hilo waziwazi.

*Kupiga chapa* hakuna kosa lolote. Nchini Tanzania nyaraka za Serikali hupigwa chapa na Mpigachapa Mkuu wa Serikali hadi leo. Ila maneno hayo hutumika pia kwa kazi ya taipureta, na kwa kuwa wakati ule wapo waliotumia taipureta kuandikia lebo za diski, maelezo ya programu ya kompyuta yangeweza kumpeleka msomaji kwenye chombo kingine. Ningeshauri pia kwamba neno *chapa* lisiachwe peke yake kwenye menyu ya programu, kwa maana huweza kusomwa kama nomino yenye maana ya alama ya biashara. “Chapa lebo” haiwezi kueleweka vibaya.

Linalonisumbua zaidi katika sentensi ya msomaji, ingawa hakuliuliza, ni mahali alipoliweka neno *laini*. Kilicho laini ni diski (kwa Kiingereza *floppy disk*), wala si lebo. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi ungetuokoa: tukisema “vifuniko vya diski vipya” na “vifuniko vya diski mpya”, kiambishi kinatuonyesha kipi ni kipya. Lakini *lebo* na *diski* zote zimo katika ngeli moja ya I-/ZI-, na *laini*, likiwa neno lenye asili ya Kiarabu, halipokei kiambishi chochote, kwa hiyo mpangilio wa maneno ndio pekee unaobaki kubeba maana. “Lebo laini za diski” ni lebo zilizo laini; “lebo za diski laini” ndiyo anayoitaka. Vivyo hivyo “lebo mpya za diski” si sawa na “lebo za diski mpya”, na tofauti hiyo ina uzito kwa anayetaka kujua kama anatakiwa kununua diski au kubadilisha karatasi tu. Umoja na wingi pia havionekani katika nomino hizi, hivyo *ya* na *za* ziandikwe kwa uangalifu: “lebo ya diski zako” ni lebo moja kwa diski nyingi.

Kuhusu *uzibandikie*, kauli ya kutendea haihitajiki hapo. Tunasema “gundi ya kubandikia lebo”, au “nibandikie lebo hizi” tukiomba msaada, lakini lebo yenyewe hubandikwa kwenye diski. “Juu ya diski” nayo ingefaa ibadilishwe, kwa sababu lebo ya kwanza hubandikwa kwenye diski, na ya pili ikiongezwa bila kubandua ya zamani ndiyo huwa juu ya nyingine. Jambo hili si la kisarufi tu: lebo zikirundikana, diski hunenepa na huweza kukwama ndani ya mashine ya kuisoma.

Tena, diski za Commodore 64 zilikuwa za inchi 5.25, zenye ganda jembamba linalopindika, na ncha ngumu ya kalamu ikikandamizwa juu yake huweza kudhuru diski iliyomo ndani. Kwa hiyo utaratibu wa vitendo uonekane katika sentensi, na *kisha* litafaa kuliko *na*: “Chapa lebo za diski laini, ongeza kwa kalamu maelezo yaliyosalia, kisha bandua lebo ya zamani na ubandike mpya kwenye diski.”