Mwanangu, uliuliza tulikosea wapi

Pasua, Moshi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Presha ya baba yako imetulia tangu abadilishiwe dawa, na mdogo wako anashinda kijiweni na bodaboda yake. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, sitakuficha. Mara ya tatu nililia kidogo, kwa sababu niliona unauliza kwa nia njema.

Ulisema kwenye semina ya kazini kwenu mtoa mada alifundisha kwamba mtu hawi maskini kwa kipato kidogo, huwa maskini kwa kukosa nidhamu ya pesa na kutoweka akiba. Ukatukumbuka. Ukaniandikia: "Mama, baba alifanya kazi, wewe ulifanya kazi, hamkunywa wala kucheza kamari. Kwa nini mpaka leo mmepanga? Mlikosea wapi, nijue nisirudie?" Na chini yake ukaongeza, kama kitu kisicho na uzito, kwamba mshahara wako siku hizi haufiki tarehe 10.

Nimekaa na swali lako siku nne. Nimeyatoa hata yale madaftari yangu ya matumizi, unayakumbuka, yale ya kaunta buku niliyokuwa nayafunika gazeti. Nitakujibu kwa hayo.

Nianze na akiba, maana neno hilo ndilo lililoniuma. Baba yako ni wa tatu kati ya watoto watano wa kiume. Unajua desturi ya kihamba, shamba la ukoo, kwetu Uchagani: mkubwa hupewa, kitinda mimba hubaki kwenye nyumba ya mama, wa katikati wanajitafutia. Zamani wa katikati alikatiwa pori akaanza upya. Ilipofika zamu ya baba yako pori lilikuwa limekwisha, Uru kwa babu yako imejaa nyumba mpaka kingo za mifereji. Babu yako alikuwa na kahawa, na kahawa hiyo iliwasomesha baba zako wakubwa wote wawili, enzi KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, kilipokuwa tegemeo la mlima mzima. Mwaka 1989 mataifa yakashindwa kuelewana juu ya migao ya kahawa duniani, makubaliano yakavunjika, bei ikaporomoka. Babu yako hakuwahi kuyaona makubaliano hayo hata kwa picha, lakini yeye ndiye aliyerudi kutoka kuuza kahawa na pesa ya sabuni tu.

Kwa hiyo baba yako aliteremka mjini, akapata kazi kiwandani. Mwaka 1998, kiwanda kilipobinafsishwa, wakapunguzwa. Alikuja na kiinua mgongo chake kwenye bahasha ya kaki, wewe una miaka minne, tukailalia chini ya godoro usiku mmoja. Asubuhi hatukununua hata nusu kilo ya nyama. Tulinunua kiwanja Kiboriloni. Akiba yetu ilikuwa hiyo, mwanangu. Tulikaa nacho miaka kumi na minne. Tulilima mahindi, tukapeleka tofali mia nne kwa awamu, na wewe mwenyewe ulikuwa unakwenda kuzihesabu kila sikukuu ili tujue kama zimeibwa.

Mwaka 2012 baba yako akaanguka stendi, utumbo umejisokota. Ulikuwa bweni kidato cha tano, tulikuambia ana malaria tu. Hatukuwa na bima. Mimi nimekua wakati wa matibabu ya bure; kuchangia gharama hospitalini kulianza 1993, na nilikuwa sijawahi kukutana na bili ya upasuaji. Tulihitaji pesa ndani ya siku mbili. Jirani yetu pale Kiboriloni aliuza kiwanja kinacholingana na chetu milioni tano mwaka huo huo, kwa sababu alisubiri mteja miezi saba. Sisi tulipewa milioni mbili na tofali zikiwa juu. Aliyenunua hakutuibia. Alikuwa na milioni mbili taslimu siku ya Alhamisi, nasi tulikuwa na mgonjwa. Juzi nimepita hapo, pana ghorofa moja na geti jeusi.

Ukiniuliza leo kama tungefanya vingine, nitakujibu hapana. Baba yako yuko hai, ananikoholea hapa ninapoandika.

Sasa madaftari. Nimefungua la 2009, mwezi wa Februari, na maandishi ni yale yale kila ukurasa: sukari robo, mafuta ya kupima, mchele nusu, mkaa kopo. Kopo la mkaa lilikuwa shilingi 500 na nilinunua kila siku. Kwa mwezi ni 15,000. Gunia zima wakati ule lilikuwa 14,000 na lingetutosha mwezi na nusu. Nilikuwa naijua hesabu hiyo, nimeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Lakini 14,000 za mkupuo sikuwa nazo, na siku nilizokuwa nazo zilikuwa mtaji wa ndizi. Nikizitia kwenye mkaa, kesho naenda Mbuyuni na nini? Bila mkungu wa mshare sokoni siuzi, nisipouza hamli, na mkaa wangu unakaa stoo unanitazama. Basi nikawa nanunua kopo, kila siku najua nalipa zaidi ya mwenye nacho, kila siku nalipa.

Kodi nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita mbele. Mtu anayepata pesa yake kwa siku, buku mbili leo, buku nne kesho, anadaiwa ya nusu mwaka kwa siku moja. Mikopo yetu mingi unayoikumbuka, ile ya kuja kugongewa mlango jioni, ilitokana na kodi. Haikutokana na anasa.

Na umeme. Hili sikuwahi kukueleza, ulikuwa umeshakwenda chuo. Miaka ile bei ya uniti kwa mtumiaji mdogo ilikuwa shilingi 100, ilimradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo analipa 350. Ni mpango mzuri, aliyeuweka alikuwa anawafikiria watu kama sisi. Lakini nyumba yetu ilikuwa na wapangaji sita na mita moja. Hakuna aliyepikia umeme. Taa, redio, chaji za simu, friji yangu. Tukijumlishwa tulikuwa tunavuka 75 kabla ya katikati ya mwezi, tukanunua kwa bei ya juu, sisi ambao tumepanga vyumba kwa sababu hatuna. Nafuu ile ilipita juu ya paa letu.

Unakumbuka miaka nilipokuwa nafua nguo Shanty Town siku za Jumanne. (Wageni hudanganywa na jina hilo, waliopo huko ndio wenye bustani na walinzi.) Mama wa nyumba ile alikuwa mtu mwema sana, hakuwahi kunicheleweshea pesa, na gauni lako la kipaimara alilitoa yeye. Wakati wa mavuno aliagiza magunia mawili ya mchele Chekereni, akaweka stoo. Mimi mchele huo huo niliununua Februari dukani kwa kilo, bei imeshapanda. Mume wake alipofanyiwa upasuaji alionyesha kadi ya bima ya kazini kwake, akakaa wiki, akarudi, na gari lilikuwa bado uani. Upasuaji wao na wetu ulipishana mwaka mmoja tu. Nilimtazama kwa makini, mwanangu, kwa sababu nilitaka kujifunza. Nidhamu yake ya pesa sikuona inaizidi yangu. Taa za nje alikuwa anazisahau mpaka mchana.

Ndiyo maana nasema huyo mwalimu wenu wa semina aje aishi na elfu nne kwa siku kwa mwaka mmoja, kisha afundishe. Sisemi nidhamu haina kazi. Madaftari haya ni nidhamu. Lakini daftari linaniambia pesa imekwenda wapi. Haliwezi kuniongezea ya kununua gunia.

Angalia pia hili. Mdogo wako alianza kidato cha kwanza Januari 2016, mwaka ule ule ada ilipofutwa sekondari za serikali. Wewe ulilipa 20,000 kila mwaka mpaka ukamaliza kidato cha nne 2011, na ada yenyewe ilikuwa ndogo kuliko michango: dawati, mlinzi, rimu, mtihani wa Ijumaa. Kwake sikudaiwa. Nimekwenda kwenye daftari la 2016, tarehe 30 Januari, nimeandika: "mkaa GUNIA". Kwa herufi kubwa. Lilikuwa gunia langu la kwanza tangu niolewe. Sikuwa nimepata akili mpya mwezi huo.

Kosa lipo, na kwa kuwa umeuliza kwa heshima nitakuambia, ingawa baba yako pekee ndiye anayelijua. Mwaka 2019 kodi ilinikuta mikono mitupu. Kikoba kilikuwa kimekopesha chote. Nikaenda kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa. Walinipa 400,000, nirudishe 60,000 kila wiki kwa wiki kumi. Sikumwambia baba yako. Niliona aibu, yeye alikuwa mlinzi wa usiku na analeta alichonacho. Wiki nne nililipa. Ya tano mvua zikakata njia, mikungu ikaiva mikononi mwangu. Ya sita wakaja vijana wawili na mkokoteni wakachukua friji, ile niliyokuwa nauzia barafu. Baba yako alirudi asubuhi akaona mraba wa sakafu safi mahali friji ilipokuwa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ni kiasi gani kimebaki?" Tukalipa pamoja mpaka Oktoba. Kukopa kulikuwa lazima, nyumba tungefukuzwa. Kosa langu lilikuwa kuficha, kwa sababu wiki zile nne nilikuwa peke yangu, na mtu aliye peke yake hukubali masharti yoyote.

Ndiyo nikarudi kwenye ule mstari wako wa chini. Nimepiga hesabu zako kwenye ukurasa mpya. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15. Kodi yako naijua. Unatutumia 50,000 kila mwezi, na kwa mdogo wako ulichangia ile pikipiki. Hata nikikutolea nauli na chakula kwa mkono wazi, mshahara wa mwalimu hauishi tarehe 10. Kuna mkono mwingine ndani yake.

Mwanangu, kadi yako ya benki iko wapi?

Nimeona walimu hapa mjini wanaacha kadi na namba ya siri kwa mkopeshaji, siku ya mshahara yeye ndiye anayetangulia mashineni. Kama kadi iko kwenye pochi yako, nisamehe, nimekudhania vibaya. Kama haiko, niambie kiasi kilichobaki, kama baba yako alivyoniuliza mimi. Usinieleze ulikopa kwa nini.

Mwezi huu na ujao usitutumie kitu. Desemba usihangaike na zawadi wala vitenge vya shangazi zako. Uje na begi lako tu, tutapanda Uru pamoja, machalari itakuwepo. Kikoba chetu tunakivunja Desemba 13. Hisa zangu na faida ni 430,000. Nilikuwa nimeziwekea kodi, lakini baba yako amezungumza na mwenye nyumba na amekubali tulipe ya miezi mitatu kwanza. Ndiyo, nimemwambia. Safari hii sikumficha.

Piga simu Jumamosi saa moja jioni, kabla hajaenda lindo. Tutakuwa wote wawili.

Mama yako