Mapambo ya komunyo tuliyotengeneza nyumbani, na wale waliocheka

Tangu niweke picha za komunyo ya kwanza ya binti yangu kwenye simu, ujumbe haukomi. Mama mmoja wa Katindo ameandika: "Dada, na wangu yuko na komunyo, franga sina. Ile mapambo yenu inaomba nini?" Nilimjibu kwa sauti, ikawa ndefu mpaka nikaona aibu, nikaamua heri niandike. Si yeye peke yake. Hapa Goma, tangu benki zifungwe Januari 2025, hata mwenye mshahara anahangaika kushika noti mkononi, lakini sherehe za watoto hazingoji benki. Ubatizo unakuja, komunyo inakuja, mdogo anatimiza mwaka.

Inaomba unga wa muhogo, mama. Nitafika huko.

Kwanza mjue nilikotoka. Kwa komunyo ya kaka yake tulikodi mpambaji, na komite ya familia ikatoa nusu ya pesa mbele. Mtu yule alifika misa imekwisha, wageni wamesimama uani na soda mkononi. Vitambaa vyake vilikuwa na madoa ya mchuzi wa arusi ya watu wengine. Maua ya plastiki, vumbi tupu. Tukalipa nusu iliyobaki kwa sababu hakuna anayetaka kugombana siku ya komunyo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kijana mwenyewe: alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nikae wapi?" Kiti chenye utepe alikatazwa kukikalia mpaka picha zipigwe. Sherehe ni yake, na anaomba ruhusa ya kukaa! Hilo sijalisahau na sina mpango wa kulisahau.

Kwa hiyo zamu ya binti ilipofika nikaiambia komite: ninyi tafuteni mchele, nyama na viti, mapambo niachieni mimi na watoto. Wifi yangu akasema mbele ya wakwe, "Sasa tutapambia takataka?" Watu wakacheka. Ninajua nani alicheka.

Haya, gundi. Mitungi ya gundi inayouzwa Birere ni midogo na watoto wanaimwaga yote kwenye karatasi ya kwanza. Sisi tulipika. Chukua unga wa muhogo kikombe kimoja, uchekeche kwenye chekecheo laini, uukoroge kwa maji ya baridi mpaka usiwe na donge hata moja. Usiutie mkavu kwenye maji ya moto, utapata bugali. Chemsha vikombe vitatu vya maji, mimina ule uji taratibu huku unakoroga bila kuacha. Mwanzo ni mweupe kama maziwa. Ghafla utasikia mwiko unakuwa mzito, weupe unapotea, unabaki ute unaong'aa unaoweza kuona chini ya sufuria kupitia kwake. Hapo epua. Tia kijiko cha chumvi au siki ili usiote ukungu haraka. Ikipoa, mdogo wa miaka minne anaipaka kwa vidole, na akilamba huna haja ya kukimbilia kituo cha afya. Adui wake ni mende. Ukiacha bakuli wazi usiku, asubuhi utakuta nao wamekula komunyo.

Kwa gundi hiyo tulibandika vipande vya kitenge. Fundi cherehani wa barabarani kwetu huvifagia jioni; mwombe kwa heshima atakupa mfuko mzima bure. Kata pembetatu, kunja ukingo juu ya kamba, bandika, tundika uani. Kazi ya mchana mmoja, na anayejua kushika makasi ataiweza. Sina la kuongeza hapo, ila msizitundike karibu na mishumaa.

Kadi za mwaliko zilitoka kwenye maganda makavu ya mgomba. Yaloweshe kidogo yalainike, yapige pasi juu ya kitambaa, halafu mtoto achane vipande na kubandika kwenye kartoni. Rangi zimo tayari, kuanzia ya maziwa mpaka ya kahawa, huhitaji kununua hata kopo moja. Binti yangu alitengeneza kikombe cha altare na mkate. Padri alichukua moja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha misa. Nilimwona.

Lakini kilichofanya watu wanyamaze ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya kubebea mizigo.

Kila meza ilikuwa na chukudu yake ndogo, urefu wa kiganja na nusu. Watoto wa Goma hawahitaji kielelezo cha chukudu, wanaziona kila siku zikishuka na makala (mkaa), viazi, mbao, mwenyewe amepiga goti moja juu yake. Kwa mseremala tuliokota vipande vya mkaratusi. Magurudumu tulikata kwa msumeno kutoka tawi la mviringo, kama unavyokata mkate. Tundu la katikati ni kazi ya mtu mzima: spoku ya baiskeli, ichomwe kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, iingie mara moja. Mkubwa wangu, yule yule wa kiti chenye utepe, ndiye aliyepiga misumari yote. Alivalisha kila gurudumu utepe wa mpira wa tyubu iliyokufa, maana alisema chukudu bila mpira ni uongo. Na zilikuwa zinatembea kweli! Mtoto wa jirani hakuridhika mpaka yake ifunikwe kwa karatasi za dhahabu za paketi za sigara za babu yake, ifanane na ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu iliyo mjini.

Halafu mzigo. Wasichana walishona vijigunia kwa mabaki ya kitenge, wakajaza karanga na bombo (peremende), wakafunga mdomo kwa majani makavu kama magunia ya makala yanavyofungwa. Mgeni anafungua gunia, anakula. Mzee mmoja wa upande wa mume wangu aliisukuma yake mezani na kurudi, na kurudi tena, mchuzi unapoa. Na wifi yangu? Alibeba mbili kwenye mkoba. Juzi ametuma mtu aniulize kama naweza kutengeneza kumi kwa ubatizo wa mjukuu wake. Nimejibu kwamba watoto wake waje, nyundo ipo.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha. Wengi mnaniletea video za Ulaya zenye karatasi za kumetameta na bastola ya gundi ya umeme, mnauliza vitu hivyo vinapatikana wapi. Umeme wenyewe unapatikana wapi? Anza na kilicho uani kwako. Na nyinyi akina mama ambao mtoto akilala mnaamka usiku kunyoosha kazi yake ili wageni wasiione mbaya, acheni. Mtoto anajua. Atatazama ile pembetatu iliyonyooka asubuhi, ataelewa umesema nini, na kesho hatashika makasi. Kwetu bendera tatu zilitundikwa kichwa chini na zikabaki hivyo hivyo. Anayetaka sherehe isiyo na kasoro akodi mpambaji, na amngoje.

Mnasema pia hamna muda. Muda upo, tunaumaliza kwenye mikutano ya komite tukibishana rangi ya vitambaa.

Mama wa Katindo, ukitaka kujua uanzie wapi: leo mwone fundi cherehani, kesho mseremala. Gundi usiipike mapema, siku ya tatu inaanza kunuka. Kartoni usinunue, maduka ya vinywaji huzitupa jioni, ila fika kabla ya mvua. Na misumari chukua mifupi, mirefu inapasua mkaratusi.