Homa ya matumbo kwa mtoto aishiye Uingereza

SWALI: Mwanangu wa miaka minne, aliyezaliwa Leicester, alishikwa na homa kali wiki mbili baada ya kutoka Mombasa kumsalimu bibi yake. Daktari ameagiza damu ioteshwe maabara, yaani iwekwe ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, akitaja taifodi. Je, ugonjwa huo upo Uingereza?
Mama wa msomaji mdogo, Leicester

JIBU: Pole sana, mama. Uingereza, ambako maji ya bomba husafishwa na majitaka hayachanganyiki nayo, wagonjwa wengi wa taifodi (homa ya matumbo) na paratifodi, ugonjwa unaofanana nayo, huambukizwa safarini, hasa wanapotembelea jamaa zao Pakistani, India na Bangladeshi, ingawa Afrika Mashariki nayo imo. Wazazi wengi hudhani kwamba kwenda nyumbani si safari ya kuhitaji chanjo, na hapo ndipo kosa lilipo.

Dalili huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, na kwa mtoto huweza kuwa homa, kuumwa tumbo na uchovu tu, hivyo ni lazima malaria ipimwe pia. Daktari wako amefanya vyema kuagiza damu ioteshwe, kwa kuwa kipimo cha Widal, kinachotafuta kingamwili katika damu na tulichokizoea mno huku kwetu Afrika Mashariki, hupotosha mara nyingi. Tena uoteshaji huonyesha dawa inayofaa, jambo muhimu tangu usugu mkubwa wa bakteria wa taifodi dhidi ya dawa ulipojitokeza katika jimbo la Sindh, Pakistani, mwaka 2016.

Chanjo ya sindano ya kawaida hutolewa kuanzia miaka miwili, lakini haikingi paratifodi.