Meli hakuwa mfalme wa Wachagga

Swali la wiki hii liliuliza: "Tunapoandika habari za watawala wa zamani wa Afrika Mashariki, tuwaite wafalme, machifu au masultani?" Mimi nasema litangulie jina la cheo walilolitumia watu wenyewe. Hayo matatu yaje baadaye, kama maelezo, na pale tu yanapofaa.

Chukua sentensi ya aina hii: "Mangi Meli, mfalme wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900." Mwaka ni sahihi, kosa liko katikati. Meli alikuwa mangi, yaani mtawala kwa Kichagga, wa Moshi, sehemu inayoitwa leo Old Moshi. Kibosho ilikuwa na mangi wake, Machame na Marangu vilevile, na baadhi yao walikuwa mahasimu wake. Cheo cha Mangi Mkuu wa Wachagga wote kilikuja kushikwa na Thomas Marealle mwaka 1952, nusu karne baadaye. Ukimwita Meli mfalme wa Wachagga umempa nchi ambayo hakuwa nayo, na msomaji hataelewa kwa nini mangi wa Marangu alikuwa upande wa Wajerumani. "Meli, mangi wa Moshi" inatosha.

Neno "chifu" lina tatizo la namna nyingine. Lilienea kupitia ofisi za Waingereza, ambao walimpa jina hilo yeyote waliyemtambua kuwa mkusanya kodi na msikiliza kesi ndogondogo, awe mtawala wa ukoo wa kale au mtu waliyejiwekea wenyewe. Tanganyika iliwaondolea machifu mamlaka yao ya kisheria mwaka 1963. Kenya neno limebaki kazini: chifu ni mtumishi wa serikali mwenye mshahara na sare ya kaki, na chini yake yuko naibu wa chifu. Sasa mpe msomaji wa Nakuru maneno "Chifu Mirambo" uone picha itakayomjia. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, hakuajiriwa na mtu. Alikuwa mtemi, jina la cheo cha mtawala kwa Wanyamwezi. Wapo wanaosema neno hilo limetokana na kutema msitu ili kufungua nchi, wapo wanaosema ni kukata mashauri. Vyovyote iwavyo, ndani ya mtemi mna kazi ya mtawala, na ndani ya chifu kazi hiyo haimo.

Pwani ndiko kwenye mitego mingi zaidi. Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856, huandikwa mara kwa mara "Said bin Sultani wa Zanzibar". Hiyo "i" moja imegeuza jina la mtu kuwa cheo. Sultan ni baba yake, Sultan bin Ahmad. Cheo chake ni Seyyid, kwa hiyo andika Seyyid Said, au Seyyid Said bin Sultan, wala usiongeze herufi.

Tena Waomani hawakukuta visiwa vitupu. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, aliyekuja kuwa na makao yake Dunga, na alama za enzi yake zilikuwa ngoma na siwa, yaani baragumu kubwa la heshima. Tumbatu ilikuwa na Sheha, Pemba ilikuwa na Diwani. Maneno haya yote bado yanaishi, ila yamehama kazi. Diwani wa leo hupigiwa kura na wananchi wa kata, au wadi kwa Zanzibar. Sheha huteuliwa kuongoza shehia. "Umwinyi" ndio ulioharibikiwa kabisa: katika lugha ya siasa ya Tanzania ni lawama kwa mtu anayetaka kula bila kufanya kazi. Basi ukiandika "Diwani wa Pemba" taja na karne, la sivyo msomaji atadhani unazungumzia kikao cha halmashauri.

Liwali, akida na jumbe nao huchanganywa ovyo. Liwali ni neno la Kiarabu, al-wali, lililomeza kiambishi chake. Alimwakilisha mtawala wa Zanzibar katika mji wa pwani, na pwani ya Kenya cheo hicho kilidumu hadi miaka ya uhuru. Jumbe alikuwa mkuu wa kijiji au mji mdogo wa Mrima, pwani ya bara inayoikabili Zanzibar, na heshima yake ilitoka kwa watu wake. Akida asili yake ni kiongozi wa askari. Wajerumani ndio waliomweka juu ya majumbe wengi, mara nyingi katika nchi ambayo yeye ni mgeni, akadai kodi na kusimamia kazi za lazima. Ukimwita akida "chifu" umefuta sababu mojawapo ya hasira iliyolipuka katika Maji Maji mwaka 1905.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kitenzi. Mfalme hutawazwa, mtemi husimikwa, rais huapishwa, mkuu wa wilaya huteuliwa, mbunge huchaguliwa. Kitenzi kinasema mamlaka yametoka wapi. "Mkuu wa wilaya amechaguliwa" inamfanya msomaji aulize uchaguzi ulikuwa lini. Kuondoka nako kuna maneno yake: aliyeteuliwa hutenguliwa uteuzi, mfalme hupinduliwa, na anayeachia kwa hiari hung'atuka, neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere alilieneza.

Kwa Uganda, Kabaka ni mfalme wa Buganda, ufalme mmoja ndani ya nchi hiyo, si wa Uganda. Ronald Mutebi alitawazwa mwaka 1993, baada ya falme kufutwa katika miaka ya 1960 na kurudishwa bila madaraka ya kiserikali. Katikiro wake usimwite "waziri mkuu" ukaishia hapo, maana nchi ina waziri mkuu wake. Andika "Katikiro, waziri mkuu wa Buganda".

La mwisho ni upatanisho wa kisarufi. Liwali, jumbe, sheha na diwani huchukua ma- katika wingi, lakini ni watu: maliwali walifika, sheha wetu ameitwa. "Majumbe yalikutana" ni kosa.