Mwache mteja atoke: linki za nje ndani ya WebView

Swali: Shikamoo kaka. Nimetengeneza aplikesheni ya duka la vipuri la Kariakoo. Ndani yake ni WebView, yaani kivinjari kidogo kilichopachikwa ndani ya aplikesheni, inayoonyesha tovuti ya duka. Mteja akibonyeza kitufe cha WhatsApp anakutana na kosa la ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME (aina ya anwani isiyojulikana). Akibonyeza linki ya kiwanda, tovuti ya kiwanda inafunguka humohumo, na kitufe cha kurudi hakimrudishi. Mwenye duka hataki wateja watoke kwenye aplikesheni, kwa hiyo fundi mmoja alinipa mistari ya "kufungua kila kitu ndani". Nimeiweka, mambo yamezidi kuharibika. Nifanyeje? *Msomaji, Sinza*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mistari ya huyo fundi naijua bila kuiona. Ndani ya shouldOverrideUrlLoading, ile sehemu inayoulizwa kila linki inapobonyezwa, kuna view.loadUrl(url), halafu return true. Sivyo? Maana yake unakatiza safari iliyokwisha kuanza na kuianzisha upya. Tovuti inayompitisha mteja kurasa mbili tatu kabla ya kumfikisha inaacha kila kituo kwenye historia, ndiyo maana akirudi nyuma anarushwa tena mbele. Nyaraka za Android zenyewe zinakataza jambo hili. Kama linki ni ya tovuti yenu, rudisha false, WebView itaendelea yenyewe. True ni kwa ile uliyoamua kuishughulikia kwa njia nyingine.

WhatsApp ni rahisi. Linki ya wa.me huanza kama https ya kawaida, kisha ukurasa unaita anwani inayoanza na whatsapp: au intent:. WebView haizijui hizo, kama isivyojua tel: na mailto:. Wewe ndiye wa kuzikabidhi kwa simu kwa kutumia Intent, yaani ombi la kufungua aplikesheni nyingine. Usiulize kwanza kwa resolveActivity kama WhatsApp ipo, kwa sababu tangu Android 11 unaweza kujibiwa haipo wakati ipo, kama hukuitaja kwenye manifest, faili la maelezo ya aplikesheni yako. Jaribu kuifungua tu. Ukikamata ActivityNotFoundException (kosa la kwamba hakuna aplikesheni ya kuifungua), mwonyeshe mteja namba ya duka apige. Na zile za intent: usizifungue kama zilivyokuja, maana ukurasa wa mtu baki unaweza kuzitumia kugonga milango ya ndani ya aplikesheni yako. Iwekee CATEGORY_BROWSABLE, ili ifungue tu kinachoruhusiwa kufunguliwa kutoka kwenye ukurasa wa wavuti, ufute component na selector, zile sehemu zinazolenga mlango fulani.

Ukija kwenye iPhone utakuta kituko kingine: linki yenye target="_blank" (ya kufungua dirisha jipya) ndani ya WKWebView, WebView ya iPhone, inabonyezwa na hakuna kinachotokea, kimya, mpaka uandike createWebViewWith, sehemu ya kushughulikia dirisha jipya.

Sasa mwenye duka. Huyu ndiye tatizo lako halisi, na sikulaumu, kwa sababu kila wiki naletewa mwenye duka wa namna hii. "Mteja asitoke." Kwani anayesoma kipimo cha bearing kwenye tovuti ya kiwanda ametoroka? WebView haina sehemu ya anwani. Ukimfungulia mteja tovuti ya mtu mwingine humo, umempakia kwenye daladala isiyoandikwa ruti. Anaona nembo yenu juu, anadhani bado yuko dukani kwenu, na chochote atakachoombwa kuandika ataandika. Hapa mjini nani hajawahi kupokea ile SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Watu wamejifunza kuitilia shaka SMS. Aplikesheni waliyopewa na muuza duka wanayemfahamu hawaitilii shaka hata kidogo.

Linki za nje zifungulie Custom Tabs kwenye Android, na SFSafariViewController kwenye iPhone, yaani kivinjari halisi cha simu kinachofunguka juu ya aplikesheni. Zote mbili zipo tangu 2015, si mambo mapya. Mteja anaiona anwani, akimaliza anafunga na yupo dukani palepale alipoacha. Mwonyeshe mwenye duka kwenye simu yake mwenyewe. Mara nyingi ubishi unaishia hapo.

Utakutana pia na mafundi wanaouza ujanja wa kubadilisha utambulisho wa kivinjari ili mtu aingie na akaunti ya Google ndani ya WebView. Google ilianza kukataa jambo hilo 2017 kwa sababu inayoeleweka: mwenye WebView anaweza kusoma kila herufi inayoandikwa humo, nywila ikiwemo. Mwaka huohuo RFC 8252, waraka wa viwango vya intaneti, ikaandika wazi kwamba aplikesheni za simu zisifanye hivyo. Anayekufundisha kuikwepa kinga hiyo anakufundisha kumwibia mteja wako, hata kama wewe huna nia.

Hata ukishatenganisha linki za ndani na za nje, angalia unavyozitenganisha. Niliwahi kuitwa na ofisi moja pale Posta, nikakuta wameandika url.contains("mfano.co.tz"). Basi https://tapeli.example/?x=mfano.co.tz inapita kama mwenyeji. Wakaibadilisha kuwa startsWith("https://mfano.co.tz"), wakaniita tena kwa furaha. Nikawaandikia https://mfano.co.tz.tapeli.example, nayo ikapita. Chukua host (jina la tovuti pekee) kutoka kwenye Uri, yaani anwani iliyochambuliwa, kisha ilinganishe na jina kamili, au imalizike na jina hilo likitanguliwa na nukta. Ile nukta usiisahau. Na kama umeweka addJavascriptInterface, daraja kati ya ukurasa na aplikesheni, ukurasa wowote utakaopenya hapo unaongea moja kwa moja na aplikesheni yako.

Mistari ya "kufungua kila kitu" huwa haiji peke yake. Karibu kila mara nakuta imeambatana na onReceivedSslError (inayoitwa cheti cha usalama cha tovuti kikiwa na kasoro) yenye handler.proceed(), yaani "endelea tu", iliyowekwa siku cheti hicho kilipokwisha muda na fundi akaona uvivu kukihuisha. Kwa mstari huo, mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi ya mgahawa anaweza kujifanya ndiye duka lenu, na simu ya mteja isilalamike. Google Play nao huikataa aplikesheni kwa kosa hilo. Kabla hujagusa mambo ya WhatsApp, tafuta neno proceed kwenye mradi wako, ufute, kisha mpigie anayehudumia seva akahuishe cheti.